Barua ya wazi kwa msimamizi wa ununuzi wa kompyuta za vyuo vya ufundi, Mombasa

Mheshimiwa,

Kwa heshima, nakuandikia kuhusu kompyuta zilizoletwa katika chuo cha ufundi ninakofundisha huku Kisauni, na hasa kuhusu mistari michache ya maandishi iliyokuwa ikijitokeza kwenye skrini kila zilipowashwa. Mzabuni alipoulizwa alijibu kwamba hayo ni maneno ya kawaida ya Linux, mfumo unaoendesha mashine hizo, na hayana madhara. Fundi wake akaongeza amri ya kunyamazisha ujumbe wakati mashine inawaka, na hati ya kupokea mali ikatiwa saini siku hiyo hiyo. Sasa skrini ni safi, lakini ukifungua rekodi za mfumo utayakuta maonyo yote vilevile, kwa sababu kilichozimwa ni kuonyeshwa kwake tu.

Kompyuta inapowashwa, kinachotangulia kuamka ni programu dhibiti iliyo kwenye chipu ya ubao mama. Hiyo hukagua vifaa, kisha huukabidhi mfumo wa uendeshaji majedwali yanayoeleza kilichomo ndani ya mashine: umeme unadhibitiwa vipi, vipima joto viko wapi, na mashine yenyewe ni ipi. Majedwali ya umeme na joto hufuata kiwango cha ACPI, kilichotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwezi Desemba 1996 na ambacho tangu 2013 kiko chini ya UEFI Forum, jumuiya ya kampuni za kompyuta. Yale ya utambulisho hufuata kiwango cha SMBIOS, kinachosimamiwa na DMTF, shirika la viwango vya kompyuta. Anayepaswa kuyajaza ni mtengenezaji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alichoweka na alipokiweka. Akiacha nafasi tupu, mfumo wa uendeshaji hauna wa kumuuliza, hivyo hutoa onyo na kuendelea kwa kukisia. Linux hata ina alama yake maalumu ya kutangulizia onyo la aina hiyo, kubainisha kwamba kosa ni la programu dhibiti.

Sidai kwamba kila onyo ni balaa. Mengi hutokea kwa sababu jedwali linataja mlango wa kuchomekea kifaa ambao haumo kwenye ubao husika, mtengenezaji akiwa ametumia jedwali moja kwa miundo mingi na kulijaribu kwa Windows peke yake; hayo mtu huyasoma akapita. Ninayolalamikia mimi ni mawili, na hayo hayapitiki.

La kwanza ni lile linalosema kwamba hakuna kiwango halali cha joto kilichotajwa. Kwa kawaida jedwali huueleza mfumo kwamba joto likifika hapa feni iongezwe kasi, likifika pale prosesa ipunguzwe mwendo, na likizidi hapo mashine izimwe kwa utaratibu. Prosesa za kisasa zina kinga yao ya mwisho, kwa hiyo sihofii moto. Lakini kabla ya kufikia kinga hiyo, mfumo wetu hauna la kufuata. Baadhi ya mashine hizi feni huvuma kwa kasi yote tangu asubuhi. Nyingine feni huzunguka kivivu huku bati la ubavuni halishikiki kwa moto, mara mashine inajizima ghafla na kazi ambayo mwanafunzi hajaihifadhi inapotea. Darasa letu halina kiyoyozi, na mwezi wa Machi joto la Mombasa hupita nyuzi 30 hata kabla ya kuwasha chochote. Pengine kule Limuru kwenye baridi mashine hizi zingetusitiri.

La pili halina kelele, lakini nadhani litakugusa zaidi. Nilipoagizwa kujaza daftari la mali nilitumia dmidecode, programu inayosoma utambulisho wa mashine kutoka kwenye majedwali ya SMBIOS. Palipostahili kuwa na jina la mtengenezaji, modeli na nambari ya mashine, kila kompyuta ilinipa maneno yale yale: kwamba nafasi hiyo itajazwa na mtengenezaji. Ile nambari ndefu ambayo mashine mbili hazipaswi kuwa nayo kwa pamoja popote duniani, zetu zote zinayo moja: 03000200-0400-0500-0006-000700080009. Mafundi wanaijua sana. Ni ya kujazia nafasi tu, nayo hubaki pale kiwanda kisipojishughulisha kuibadilisha. Programu za kusimamia kompyuta za mtandao zinazotegemea nambari hiyo huziona mashine zetu zote kuwa moja. Tunaweza kushika anwani ya kadi ya mtandao, lakini kadi hubadilishwa. Na stika tulizobandika ubavuni tayari zinabanduka kwa unyevu. Mkaguzi wa hesabu akija, nitamwonyesha daftari lenye safu nzima ya maneno ya kiwandani, na atakayetaka kubadilisha mashine nzima kwa mbovu hatahitaji ujanja wowote.

Nimeshauriwa kwamba tuyarekebishe majedwali sisi wenyewe. Ni kweli Linux inaruhusu kupakia jedwali lililosahihishwa wakati wa kuwaka, lakini viwango vya joto vya ubao huo hatunavyo, na kiwango cha kubuni kinaweza kutuletea hasara kuliko kukosa kiwango. Dawa yake ni sasisho la programu dhibiti kutoka kwa mtengenezaji, na aliyelipwa ili atuunganishe na mtengenezaji ni mzabuni.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imeweka kamati ya ukaguzi na upokeaji, na hapo ndipo ninapoomba mkono wako. Chuoni kwetu ukaguzi ulikuwa kuhesabu makasha, kulinganisha ukubwa wa kumbukumbu na diski na ule ulioandikwa kwenye zabuni, na kuwasha mashine mojamoja kuona kama inawaka. Naomba zabuni ijayo idai kwamba kila mashine ifike na nambari yake halisi ndani ya programu dhibiti, ilingane na iliyochapwa kwenye kasha; kwamba mashine moja ya kila modeli ipimwe kwa fwts, programu ya bure ya kampuni ya Canonical inayokagua programu dhibiti na kutoa ripoti; na kwamba kila onyo litakalobaki mzabuni alieleze kwa maandishi, pasipo kulinyamazisha. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi hayo yatimie.

Kwa mashine zilizokwisha kupokewa, dhamana yake bado haijaisha, hivyo nakuomba umwandikie mzabuni alete sasisho hilo kabla muda haujapita. Rekodi za kuwaka na ripoti za dmidecode za kila mashine nimezihifadhi, na nitazileta ofisini kwako siku utakayoniita.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kompyuta, Kisauni