Manukato ya zamani yasihukumiwe kwa mnuso wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu wanaotafuta manukato yasiyotengenezwa tena, hasa wale wanaofungua chupa ya zamani, wakainusa mara moja na kuamua papo hapo kwamba imeharibika au kwamba wameuziwa bandia.

Mfano wangu ni Joy ya Jean Patou, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, iliyotoka Paris mwaka 1930, ambayo uhai wake ni asmini na waridi, maua tunayoyajua sisi watu wa pwani tangu utotoni. Mwaka 2018 kundi la kampuni za anasa la LVMH liliinunua Patou, na mwaka huohuo Dior, iliyo chini ya kundi hilo, ikatoa manukato mengine kabisa kwa jina lilelile. Joy ya zamani ikakoma. Anayeulizia jina tu, bila kumtaja Patou, huletewa ya Dior. Aangalie pia kama chupa imeandikwa parfum, iliyo kali zaidi, au eau de toilette, iliyo nyepesi, kwa kuwa ukali wake haulingani, na kuzishindanisha ni kuidhulumu iliyo nyepesi.

Mimi ninazo parfum mbili za Joy hiyo ya Patou. Moja niliuziwa kwa bei kubwa na mtu aliyeniapia kuwa ilikaa kabatini muda wote, ilhali kisanduku chake kimepauka upande mmoja, dalili ya wazi ya jua. Rangi yake iliyokoza sikuilaumu, maana asmini halisi hukoza kadiri miaka inavyopita. Mnuso wake wa kwanza ulikuwa mchachu, nikasikitika sana. Hata hivyo nilidondoshea kila moja kwenye kipande chake cha karatasi, nikamwomba dada yangu aziwekee alama za siri, nikasubiri nusu saa. Asmini ikajitokeza katika karatasi zote mbili, nami nikashindwa kuzitenganisha. Harufu nyepesi za mwanzo, kama za michungwa na ndimu, ndizo hutangulia kuharibika. Maua yaliyo chini yake huweza kudumu.

Huko Versailles, hazina ya manukato iitwayo Osmothèque, iliyofunguliwa mwaka 1990, huyahifadhi gizani, kwenye baridi ya nyuzi 12 hivi, chini ya gesi ya argoni ili hewa isiyaguse. Sisi gesi hiyo hatuna, lakini giza la sanduku la nguo tunalo. Namsihi aliyerithi chupa ya namna hiyo aiondoe dirishani leo, na asiimwage kabla hajaipa nusu saa juu ya karatasi.

Msomaji wako,
Mombasa