Tusiwalaumu Sauti Sol kwa kupendwa na wengi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu wanamuziki wa kundi la Kenya la Sauti Sol walipotangaza, mwaka 2023, kwamba baada ya miaka 18 ya kuimba pamoja wanapumzika kwa muda usiojulikana. Kila mara kundi hilo linapotajwa mbele ya watu wa rika langu, hakosi mmoja wa kusema kwamba Sauti Sol wa kweli walikwisha mwaka 2014, na kwamba waliojaza viwanja baadaye walikuwa wakishangilia kivuli. Maneno hayo nayajua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niliyasema kwa miaka mingi, na leo naamini kwamba tuliwakosea wanamuziki wale.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi walipoanza kusikika. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wameimba pamoja tangu siku zao za Shule ya Upper Hill, na mwaka 2005 wakaungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno, ambaye walikutana naye Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa jijini. Ukienda kuwasikiliza siku hizo ulikuta sauti zilizopangwa kwa ustadi, gitaa, viti vichache, na wasikilizaji ambao baada ya miezi michache mlikuwa mmeshajuana kwa sura. Walipoimba "Lazizi", neno la mapenzi lililotoka pwani likapokelewa na vijana wa bara kana kwamba limetungwa kwa ajili yao, ukumbi mzima ulinyamaza. Nilitoka pale nikiamini kwamba nimekabidhiwa siri, na siri ina utamu wake hasa pale unapoweza kuchagua wa kumwambia.

Kisha ukaja mwaka 2014. "Nishike" ilitoka na video iliyozua ubishi mkubwa kuhusu maadili, ikafuata "Sura Yako", na mwaka huohuo wakatwaa tuzo ya msanii bora wa Afrika katika tuzo za MTV za Ulaya. Julai 2015 Rais Barack Obama alipozuru Nairobi, dunia ilimwona akicheza "Sura Yako" kwenye dhifa ya Ikulu. Wimbo huo ulichezwa harusini, ndani ya matatu, na katika sherehe za watu ambao miaka mitano kabla yake wangeniuliza Sauti Sol ni nini. Badala ya kufurahi, sisi mashabiki wa mwanzo tulinuna. Tulisema wamejiuza, wameacha mbachao kwa msala upitao, na wageni waliofika jana tukawauliza maswali ya kuwaaibisha: unaijua albamu ya kwanza, unajua walianzia wapi? Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado sekondari, alikuja kwangu siku moja akiimba "Sura Yako" kwa furaha, nami nikamwambia kwamba yeye si shabiki bali ni mfuata upepo. Alinyamaza, na kwa muda mrefu hakuniimbia tena chochote.

Sidai kwamba malalamiko yetu yote yalikuwa ya bure. Muziki ulibadilika kweli: midundo ya kuchezeka iliongezeka, gitaa lilirudi nyuma, na zipo nyimbo za kipindi kile ambazo sikuzipenda na sizipendi hadi leo. Msikilizaji ana haki ya kusema wimbo huu ni dhaifu, na gazeti hili lingefanya vizuri kuchapisha uhakiki wa namna hiyo mara nyingi zaidi. Lakini nikijihoji kwa haki, sikuwa nahakiki wimbo. Nilikuwa nahesabu watu. Ushahidi ni "Kuliko Jana", waliouimba na kwaya ya RedFourth Chorus baada ya umaarufu kuwafikia, wimbo ambao nguvu yake iko katika sauti za watu, yaani kitu kilekile tulichodai wamekitupa. Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza kanisani, ukiimbwa na vijana, nikauliza ni wa nani. Niliyejiita shabiki wa mwanzo niliambiwa na mtoto wa kipaimara.

Jambo zito zaidi ni la fedha, na hili ndilo lililonifanya niandike. Katika miaka yangu yote ya kujivunia kuwafahamu mapema, nililipa kiingilio mara mbili. Albamu yao ya kwanza niliipata kwa rafiki aliyeinakili kwenye sidii tupu, nami nikawanakilia wenzangu watano bwenini, nikiona kwamba nawafanyia wanamuziki wale hisani kwa kuwatangaza. Nyimbo zilizofuata tulirushiana kwa simu. Hatukuwa wabaya, tulikuwa wanafunzi wasio na kitu, lakini ukweli ni kwamba mapenzi yetu hayakuwalipia kodi ya nyumba, wala nyuzi za gitaa, wala saa za studio. Watu wanne hawawezi kuimba miaka 18 kwa kushangiliwa na ukumbi wa watu wachache ambao nusu yao wameingia bure kwa kuwa wanamjua mtu mlangoni. Waliolipa ni wale tuliowadharau: aliyenunua tiketi ya uwanjani, aliyewaalika kutumbuiza, aliyekuwa Dar es Salaam au Lagos na hakuwahi kuona vile viti vichache. Ni kutokana na soko hilo kubwa ndipo walipoweza, mwaka 2019, kuwafungulia njia wasanii chipukizi kama Bensoul na Nviiri kupitia lebo yao ya Sol Generation.

Tuliwataka wabaki wadogo ili sisi tubaki wa kwanza. Tumewafanyia hivyo na wengine kabla yao: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa ilipozunguka dunia na kuimbwa upya na kundi la Ulaya la Boney M mwaka 1983, wengi wetu tuliiachia watalii, hata leo Mkenya akiiimba huomba radhi kwanza, kana kwamba wimbo hupungua thamani kwa kuingia masikioni mwa wageni.

Novemba 2023, Sauti Sol walipofanya tamasha lao la kuagana jijini Nairobi, binamu yangu alikwenda. Alikuwa ameweka akiba kutoka katika kazi yake ya kusuka nywele. Mimi sikwenda, nilijiambia kwamba nitakuwa nimebanwa katikati ya watu wasiojua kitu. Alirudi sauti imekauka, na nilipomwomba anisimulie alinitazama kwanza, kama anayepima iwapo nitamcheka, kisha akasimulia hadi usiku wa manane. Nimemwomba radhi kwa yale niliyomwambia akiwa sekondari, na ninawaomba wasomaji wenzangu wa rika langu wakumbuke nao walimnyamazisha nani kwa namna hiyo.

Hapa Nakuru kuna kundi la vijana wanaoimba kila Ijumaa katika mkahawa mmoja, magitaa mawili na ngoma, wasikilizaji hatufiki thelathini. Nyimbo zao ni nzuri mno. Nalipa kiingilio kila ninapokwenda, albamu yao fupi nimeinunua, na sijamnakilia mtu yeyote, bali kila Ijumaa namleta mgeni mmoja naye alipe. Wiki iliyopita binamu yangu alikuja na wenzake wanne wa saluni, ikabidi mwenye mkahawa aazime viti kwa jirani. Watu wakizidi hadi nikakosa pa kukaa, nitasimama.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nakuru