Watu Wenu Wanahesabiwa Kwenu, Wanaugua Kwetu

Isevya, Tabora
12 Novemba 2024

Swahiba wangu wa chuo,

Salamu kutoka mji wa miembe. Maembe yameanza kuiva, usiku yanaanguka juu ya bati kama mtu anarusha mawe, ndiyo maana saa hizi niko macho nakuandikia. Watoto hawajambo. Mama bado anakuulizia, anataka kujua kama "yule binti wa Kigoma aliyemaliza mboga" ameshaolewa. Nimemwambia ameolewa na halmashauri.

Ama baada ya salamu, hongera kwa kuhamishiwa dawati la mipango. Pole pia, maana hayo mawili kwetu hupanda basi moja. Umeniuliza utapata wapi takwimu za watu na za uchumi wa vijiji vyako, kwa sababu CCHP, ule mpango kabambe wa afya wa halmashauri, inadaiwa na mezani una karatasi moja tu ya mkoa. Nimecheka, si kwa ubaya. Namba ya watu utaipata kirahisi, na ndiyo itakayokudanganya ya kwanza.

Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wenu wa Kigoma una watu 2,470,967, sisi wa Tabora 3,391,679. Ziweke kando ya zile za 2012: nyinyi 2,127,930, sisi 2,291,623. Kwa miaka kumi sisi tumeongezeka milioni moja na laki moja, nyinyi laki tatu na arobaini na kitu. Sasa shika kalamu. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wetu ulikua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, wenu 2.4. Mtu aliyeichukua kasi ile akaisogeza mbele bila kuuliza mtu, alifika 2022 akiwa na Tabora ya watu milioni 3.06 hivi na Kigoma ya milioni 2.7. Kwetu kapungukiwa watu zaidi ya laki tatu. Kwenu kaongeza zaidi ya laki mbili ambao hawajawahi kuwepo.

Unazikumbuka sehemu za shule ya msingi, kiasi juu, asili chini? Chanjo ni sehemu. Kiasi unakihesabu mwenyewe: watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, wamo kwenye rejesta, na sindano tupu zimo kwenye boksi. Asili, yaani watoto wote wanaotarajiwa kwa hesabu ya idadi ya watu, unaletewa. Ikiwa ndogo kuliko ukweli, kama ingekuwa kwetu, unavuka asilimia mia na kikao kinakupigia makofi. Ikiwa kubwa, kama ingekuwa kwenu, nesi anafunga boksi la chanjo kwenye baiskeli anavuka Malagarasi, halafu mwisho wa robo anaulizwa kwa nini hafikii lengo. Nimekaa vikao vya makofi na vya lawama. Sijawahi kumsikia mtu anasema jamani, hebu tukague asili kwanza.

Na si chanjo tu. Fomula ya kugawa fedha za afya kwa halmashauri, ilipoanza 2004, iliweka asilimia 70 ya uzito kwenye idadi ya watu. Umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na umbali ambao gari la afya linatembea vikagawana kilichobaki. Kwa hiyo usimwachie mtu mwingine asili yako.

Takwimu za sensa hadi kata utazipata kwenye machapisho ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukitaka kushuka kijijini na kitongojini, nenda ofisi yao ya mkoa, na uende na barua ya mkurugenzi mkononi, usitangulize simu. Pia angalia mipaka kabla hujalinganisha miaka. Uvinza, Buhigwe na Kakonko ni wilaya changa, zilimegwa kutoka Kigoma Vijijini, Kasulu na Kibondo, kama Kaliua ilivyomegwa Urambo. Ukiona Kasulu "imepungua" kati ya sensa mbili, usitafute ugonjwa, tafuta ramani. Na kama kata yako iko jirani na kambi ya Nyarugusu au ya Nduta, uliza mapema kama namba uliyopewa ina wakimbizi ndani yake au haina. Wao wana daftari lao UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na ukijumlisha mara mbili utaumbuka mbele ya mganga mkuu wa mkoa.

Sasa nikusimulie aibu yangu, maana hii sijawahi kukuandikia.

Kulikuwa na zahanati moja katika ukanda wa tumbaku, jina nalimeza. Mwaka wangu wa kwanza kwenye mipango niliipangia dawa kitaalamu kabisa. Nilichukua watu wa kijiji kwenye maoteo, nikazidisha na wastani wa mahudhurio, nikagawa kwa kumi na mbili, kila mwezi ukapata fungu lake sawasawa kama mirathi. Februari wakapiga simu: dawa mseto zimekwisha, vipimo vya malaria vimekwisha, watu wamelala kwenye mkeka barazani. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikadhani kuna mtu anauza dawa. Nikapanda pikipiki kwenda kumkamata mwizi.

Yule muuguzi, mama mtu mzima, hakunijibu neno. Alinifungulia Kitabu namba 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje, akaweka kidole kwenye safu ya mahali mgonjwa anapoishi. Kasulu. Kasulu. Kibondo. Buhigwe. Kasulu. Kakonko. Ukurasa baada ya ukurasa, vijana wa kiume watupu. Tunaambiwa tuandike anapoishi, yeye alikuwa anaandika alikotoka, kwa sababu aliona mimi wa wilayani siku moja nitahitaji kujua. Nikakaa juu ya katoni la dripu tukaanza kuhesabu wote wawili.

Watu wenu, swahiba. Wanashuka kwetu mvua zikikaribia, wanakata miti, wanahamisha miche, wanachuma majani, wanalala kwenye vibanda vya shambani kando ya mabani ya kukaushia tumbaku, na malaria ya masika inawakuta hapo hapo. Chandarua kwetu hupitia kliniki ya wajawazito na shuleni. Kibarua wa miaka ishirini hana mimba wala daftari la shule. Tumbaku ikishauzwa wanalipwa, wananunua baiskeli na godoro, wanarudi kwao. Sensa nayo huhesabu mtu pale alipolala, na usiku wa 2022 ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, masoko yamekwisha na vitalu ndiyo kwanza vinamwagiliwa. Hakuna aliyekosea. Karani wa sensa na kishikwambi chake alihesabu vizuri tu, ila kijiji alichokihesabu ni cha Agosti, na dawa zilitakiwa na kijiji cha Februari.

Ndiyo maana nakwambia: ukipewa idadi ya watu, uliza ni ya mwezi gani.

Nilichofanya mwaka uliofuata hakifundishwi chuoni. Nilikwenda chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ndiyo AMCOS. AMCOS ina orodha ya kila mkulima, hekta alizosajili na kilo anazokadiria kuuza, kwa sababu pembejeo hukopeshwa kwa hesabu hiyo. Vibarua haiwaandiki. Lakini nilikaa na wakulima watano nikawauliza hekta moja inakula mikono mingapi, wakabishana nusu saa, wakakubaliana. Nikazidisha. Namba ile si takwimu rasmi, siwezi kuiweka kwenye jedwali lenye mhuri, ila ilinisaidia kupanga dawa kwa msimu badala ya kugawa kwa kumi na mbili, na Februari iliyofuata simu haikulia. Kwenu tumbaku si kama huku, lakini mna mawese, mna dagaa. Mialo ya wavuvi ya Uvinza mwezi wa giza na mwezi wa mbalamwezi ni vijiji viwili tofauti. Muulize afisa uvuvi, usinisikilize mimi mtu wa nchi kavu.

Daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji lichukue, ila lisome kwa jicho la mtu aliyekulia kijijini. Kama limehuishwa wakati wa mahindi ya msaada, kaya zimezaliana usiku mmoja. Kama limehuishwa wakati wa michango ya darasa, nusu ya kijiji wamehamia kwa shangazi. Mimi hupenda kulilinganisha na daftari la mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana yeye hahusiki na msaada wala mchango, halafu panapotofautiana naenda mwenyewe kitongojini. Kuna pia makadirio ya picha za setilaiti: WorldPop wa Chuo Kikuu cha Southampton huitandaza idadi ya watu kwenye miraba ya mita mia kwa mia, na ni bure. Kwa kujua watu wametawanyika upande gani wa kata ni zuri sana. Kwa kujua ni wangapi hasa, kumbuka wanagawanya sensa ile ile juu ya mapaa, na bani la tumbaku nalo lina paa.

Uchumi sasa. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulifikia kaya zisizofika 10,000 kwa Tanzania Bara nzima. Unakupa umaskini wa mahitaji ya msingi wa asilimia 26.4 kitaifa, vijijini 31.3, na mstari wa umaskini wa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Haukupi kijiji chako, wala hauwezi. Ndivyo ulivyo hata ule wa afya na malaria wa 2022: maeneo 629 nchi nzima, umetosha kusema jambo juu ya mkoa, basi. (Huo ndio uliotupa taji: 2017 watoto wenu ndio walioongoza kwa malaria, asilimia 24, 2022 tukawapokonya kwa 23. Sherehe bado hatujafanya.) Na ukikuta mtu anachora ramani ya vijiji kwa pointi za GPS za utafiti ule, mnyang'anye kalamu. Pointi za vijijini husogezwa makusudi hadi kilomita tano, na chache hadi kumi, ili kaya zisitambulike. Kijiji unachokiona kwenye ramani huenda si kile.

Kwa hiyo uchumi wa kijiji mimi naukusanya vipande vipande. Orodha ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, inaniambia kaya zipi zilionekana maskini na wenzao kwenye mkutano wa kijiji. AMCOS inaniambia fedha inaingia lini. Hiki cha pili ndicho wengi wanakiruka, na mimi nakiona ni kikubwa kuliko wastani wowote wa kipato. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, mwaka huu wa 2024 ni shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ukipita kuandikisha Januari, mahindi yamekwisha ghalani na mwenye nyumba anadaiwa pembejeo, utarudi na fomu tupu na kuandika kwenye ripoti kwamba "mwamko wa jamii ni mdogo". Pita wiki ile malipo ya tumbaku yanaingia benki, mtu yule yule anakulipa na kukuuliza mbona mmechelewa. Nimeliandika neno hilo la mwamko kwenye ripoti mbili, na zote naomba zipotee.

Sasa ombi, maana sikuandika kurasa zote hizi bure. Mwezi huu, vijana wako wanapoondoka, waombe wenyeviti wa vitongoji wakuhesabie tu: wameondoka wangapi, wanasema wanakwenda wapi. Majina sitaki. Mimi nitakuhesabia wanaofika zahanati, mwezi kwa mwezi, kutoka safu ile ya yule mama, ambaye amestaafu lakini aliyemrithi nimemfundisha aandike vyote viwili, anapoishi na alikotoka. Kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, havitaonekana, mle kuna jumla tu. Tutavishika kwenye daftari la mistari, lako na langu, na ikifika Machi tunakutana pale stesheni ya Kaliua tunalinganisha. Wewe utajua wajawazito wangapi wamebaki bila waume wa kuwapeleka kujifungua, mimi nitajua niagize dawa kiasi gani. Wakubwa wetu tukiwaomba mikoa miwili ibadilishane takwimu watatuundia kamati.

Na ukija njoo na mawese, yale mekundu ya kwenu hasa, na dagaa wa debe moja wasio na mchanga. Asali nimeshakuwekea lita tatu chini ya kitanda, watoto hawajagundua.

Mwenzio wa dabodeka, kitanda cha juu

(Mama anasema nikuandikie kwamba mboga ile alikusamehe zamani.)