Vijana wa Langoni na Mkomani, karatasi ilibaki mfukoni

Wanangu, asalamu aleikumu.

Jumatano nilikuwa barazani hapa Lamu na kahawa yangu mlipopita na mabango ya kudai maji safi. Nilifurahi, wallahi. Mifereji yatoa chumvi hata chai haishiki sukari, na kulisema hilo njiani ni haki yenu. Baada ya saa mbili mkarudi mbio. Meza ya mahamri ya mama wa watu miguu juu, mbaazi zimemwagika, punda wa mchanga wametimka na mizigo yao. Nikamshika mmoja wenu: ile barua ya madai mmempa nani? Akatia mkono mfukoni. Karatasi imekunjwa mara nne, imelowa jasho, wino umevuja. Haikumfikia mtu.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si makelele. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani, bila silaha. Mliandamana, la malalamiko mkalisahau! Simu zote juu zapiga video, hakuna hata mmoja aliyekwenda dirisha la ofisi kugongesha mhuri nakala ya barua. Kesho bwana mkubwa akiulizwa vijana walitaka nini, atasema walivunja meza. Wala hatakuwa amesema uongo.

Mmeshasahau makaa ya mawe? Mabango yalikuwako, na kelele tulipiga. Lakini leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa, wa megawati 1,050, pale Kwasasi ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira, Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilifutwa kwa karatasi, wanangu. Kuna watu walioketi usiku wakaandika, wakakata rufaa, wakasubiri miaka.

Mengine nayapitia mbio. Taarifa ipelekwe kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Mwaarifu, hamwombi ruhusa. Maandamano ni saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Mwanasiasa akiwanunulia fulana, mrudishieni.

Na pakifika pa kukaidi amri, kaidini mchana, uso wazi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, aliwakataza Wagiriama kutoa vijana wao wakamfanyie kazi Mwingereza. Aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, kila mtu akimwona. Akakamatwa, akahamishiwa mbali kule bara, akatoroka akarudi kwa miguu. Nyinyi mwarusha jiwe kisha mwajificha kichochoroni nyuma ya mabuibui ya mama zenu.

Nasi wazee tuna letu. Tulicheka pale barazani, "mambo ya watoto hayo", na chumvi ile ile twainywa. Hakuna aliyeinuka kutangulia mbele. Juni 2024 wenzenu wa bara walipigwa risasi wakafa kwa kupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yetu tukauliza wazazi wao walikuwa wapi. Mimi pia niliuliza. Naona haya.

Meza nimeilipa. Radhi ya yule mama hainunuliki, mwendeeni wenyewe. Jumamosi baada ya Alasiri njooni kwangu na karatasi mpya, nakala tatu. Safari hii natangulia mimi na bakora yangu, na barua naishika mimi.