Mwanangu, nenda Orlando na goti lako

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Dada yako kaniambia kuwa wenzako wa chuo wanafunga safari ya Orlando mwezi ujao, na wewe umewajibu utabaki Atlanta kwa sababu ya goti ulilofanyiwa upasuaji. Kwenye simu hukunigusia, nami sikutaka kukuuliza mbele za watu, ndiyo maana nakuandikia. Nenda, mwanangu. Nakwambia kama mama yako, na nakwambia kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasimamisha watu tena kwa miguu yao. Daktari keshakuruhusu kukanyaga, bresi ya kulishika goti unayo, magongo unayo. Kabla hujakata tiketi muulize jambo moja: goti hili kwa sasa lisipande nini? Akishakujibu, kilichobaki ni mipango.

Mjomba wako alipotualika Florida, mimi na bibi yako, wewe ulikuwa na mitihani, kwa hiyo mengi hukuyaona. Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na alikuwa na wasiwasi kwamba atatuharibia matembezi. Pale Disney, zile bustani kubwa za burudani za Orlando, nikagundua kuwa kila mashine ya kupanda imeandikiwa namna mtu wa kiti cha magurudumu anavyoipanda. Ziko unazopanda ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe. Nyingi ni za kuhama, yaani unatoka kwenye kiti chako unaingia kwenye kiti cha mashine. Chache zinataka mtu anayetembea, na hizo zina sababu. Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, ipo moja ambayo mkanda wa kupandia hausimamishwi kabisa, hivyo abiria lazima atembee juu yake huku unakwenda. Wewe na magongo yako hiyo iache. Lakini Jungle Cruise, matembezi ya majini ya hapo hapo, ina mashua yenye lifti ya kuteremshia kiti cha magurudumu, na bibi yako aliipanda akacheka mwanzo hadi mwisho.

Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama, ndiyo ningependa uanzie. Ilifunguliwa mwaka 1998, na ndani yake wamejenga mji mdogo wanaouita Harambe, wakichukua sura ya miji yetu ya pwani, Lamu hasa. Kuta zina chokaa iliyobanduka, na mabango yameandikwa Kiswahili. Bibi yako alitaka kila bango tulisome kwa sauti, Wamarekani wakitutazama, na yeye akizidi kunyanyua sauti. Kutoka hapo unapanda lori lililo wazi ubavuni, wanaliita Kilimanjaro Safaris, linalozunguka kama dakika 20 kwenye eneo la ekari 110 lenye twiga, faru na simba wa kweli. Malori mengine yana nafasi ya kiti cha magurudumu, na mlango wake wa kupandia uko pembeni, waulize mapema. Ukienda na skuta ya umeme, kile kigari cha kukaa cha wasioweza kutembea sana, watakutaka uhamie kiti cha magurudumu cha kawaida, na wanavyo. Barabara ile wameitia mashimo makusudi, kwa hiyo funga bresi vizuri kabla ya kupanda, na goti lisikaribiane na kiti cha mbele.

Foleni nyingi siku hizi zina upana wa kutosha kiti kupita, kwa hiyo utapanga pamoja na wenzako tangu mwanzo. Usitegemee huduma yao iitwayo DAS, ya kungojea zamu bila kusimama ndani ya foleni. Tangu 2024 wameikusudia zaidi kwa watu wenye hali kama usonji, ambao kusimama kwenye foleni ndefu ni mtihani wa namna nyingine. Wewe shida yako ni kusimama, na dawa yake ni kukaa. Kodi skuta. Najua utasema magongo yanatosha. Hayatoshi. Bustani ile ni kilomita juu ya kilomita, jua la Florida unalijua, na goti lililochoka ndilo linaloteleza. Magongo yapakie kwenye skuta uyatumie hatua zile za mwisho, na kabla ya kupanda mashine yoyote uliza yatawekwa wapi, usije ukashuka upande wa pili ukayakosa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye kuhama, kwa sababu wafanyakazi wa pale hawaruhusiwi kukunyanyua wala kukubeba. Chagua mwenzako mmoja mwenye utulivu, mfanye naye mazoezi chumbani na kiti chochote. Mguu wako mbovu ni wa kushoto, kwa hiyo kiti cha kuendea kiwe upande wako wa kulia. Funga breki zote mbili. Vikanyagio vipindue pembeni, hivyo ndivyo vinavyowaangusha watu. Sogea mpaka ukingo wa kiti, mguu wa kulia uurudishe nyuma chini yako, wa kushoto uunyooshe mbele, kisha inama mbele kama unataka kuchungulia vidole vyako na usimame kwa mguu wa kulia. Geuka taratibu bila kulizungusha goti bovu. Ukihisi kiti cha mashine kimegusa nyuma ya mapaja, keti. Mwenzako ashike kiuno chako, asikuvute mkono hata kidogo. Wagonjwa wangu wengi waliotegukwa bega walivutwa mkono na watu wanaowapenda.

Rolakosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi, hapana. Ile ya Animal Kingdom, Expedition Everest, inakwenda mbele, halafu inarudi kinyumenyume gizani, na pale ndipo mtu hukaza miguu bila kutaka. Kano yako mpya haihitaji mkazo huo. Vilevile mashine ya eneo la Pandora, humo humo Animal Kingdom, iitwayo Flight of Passage, wenzako wataisifu sana. Ukaaji wake ni wa kupanda pikipiki, magoti yamekunjwa, na kizuizi kinabana mgongo na vigimbi. Ingoje mwakani. Na mashine ya juu ikisimama njiani, abiria huteremshwa kwa ngazi, hatua kwa hatua. Kabla hujapanda chochote kirefu jiulize kama utaweza ngazi hizo kwa mguu mmoja na nusu.

Usiwahi kuficha hali yako ili upandishwe. Mwaka 2011, huko Darien Lake katika jimbo la New York, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili Iraq alirushwa kutoka kwenye rolakosta akafa. Masharti ya mashine ile yalitaka mpandaji awe na miguu miwili, kwa sababu nondo inayombana mtu inategemea mapaja yake imshike. Watu wanadhani masharti yale yamewekwa kuwanyima wengine starehe. Mimi kila nikisoma bango la namna hiyo nafikiria mwili uliokaa pale, nini kinaushika na nini hakiushiki. Wewe pia ufikirie hivyo, hata goti likishapona.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba mashine inaweza kubuniwa ili kila mtu apande. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1990, na tangu Machi 2012 mashine mpya za burudani kwa sehemu kubwa zinatakiwa ziwe na nafasi ya kiti cha magurudumu au njia ya kuhamia. San Antonio, Texas, yuko baba mmoja, Gordon Hartman, ambaye binti yake ana ulemavu. Alimjengea bustani nzima, Morgan's Wonderland, ikafunguliwa 2010. Bembea zake zinaingia kiti cha magurudumu kizima kizima, na mwenye ulemavu anaingia bure. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, yenye viti vinavyosukumwa kwa hewa iliyobanwa ili visiharibike vikiloa. Nilipoyajua hayo nilifikiria watoto ninaowahudumia hapa Unguja, ambao kila sikukuu hupelekwa kiwanja cha Kariakoo ya hapa kwetu kutazama bembea zikizunguka na wao wako pembeni kwenye mikeka. Jambo hili linaniuma, na siku moja nataka tukae na wewe na mafundi wetu tulizungumze. Bembea moja yenye jukwaa na mnyororo wa kufungia kiti, naamini inawezekana hapa hapa.

Najua pia kuna lile usilolisema, kwamba hutaki kuonekana kwenye kiti cha magurudumu na umri wako huu. Watakutazama, ndiyo. Watu hutazama. Lakini wale wenzako waliokubeba kutoka uwanjani siku ulipoanguka hawana haja ya wewe kujificha, na sitaki uende kukaa kwenye benchi kutwa nzima ukiwashikia mikoba. Ikifika zamu ya mashine usiyoiweza, waache wapande wao, wewe tafuta kivuli, nyoosha mguu juu ya benchi uweke barafu kwenye goti, wakirudi mtakwenda pamoja kwenye inayofuata.

Safari ya gari ni yapata kilomita 700. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji wa mguu akikaa saa nyingi bila kujongea, damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Mwambie dereva asimame mara kwa mara, ushuke utembee kidogo, na njiani uchezeshe nyayo juu na chini. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au ukakosa pumzi ghafla, hiyo ni ya kwenda hospitali saa ile ile, Orlando au njiani.

Mjomba wako nimeshamwomba akukodie skuta kwa watu wanaoileta mpaka hotelini, na gharama tumeshaelewana mimi na yeye. Anachotaka ni jina la hoteli na siku mtakayofika, mpigie kabla ya Jumapili. Chaja ya skuta iwe ndani ya chumba usiku, usiiache mapokezi. Na ukifika Harambe mpigie bibi yako video, saa yoyote, hata kama huku ni usiku wa manane, kashaniambia nisiizime simu yake.

Mama yako