Poni si mtoto wa farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maelezo ya picha mliyoichapa wiki iliyopita katika habari ya watalii wanaopanda farasi hapa Arusha, yaliyosema kwamba mnyama aliyepandwa na yule binti ni "mtoto wa farasi". Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka mingi: mtoto wa farasi hatandikwi. Ana miguu mirefu kupita kiwiliwili chake na mkia mfupi wa singa laini zilizotimka, ilhali wa pichani ni poni, farasi wa mbegu fupi, mnyama mzima ambaye hatakua tena.

Kosa hilo hata hivyo lina sababu, kwani wapo poni waliozalishwa makusudi wafanane na farasi, na mfano ulio wazi ni poni wa kupanda wa Kijerumani. Katika miaka ya 1960, trekta lilipokwisha kuchukua kazi ya farasi mashambani, wafugaji wa Ujerumani walitaka mnyama wa michezo wa kumtosha mtoto, ndipo wakachukua poni majike, wengi wao wa mbegu ya Welsh kutoka Wales, wakawapandisha kwa madume ya farasi wa Kiarabu na ya farasi wa mbio wa Kiingereza. Damu hiyo ilileta kichwa chepesi, shingo ndefu, bega lililolala na hatua ndefu. Upole na ustahimilivu wa poni ukabaki, jambo ambalo kwa mpandaji wa miaka kumi na miwili lina thamani kuliko uzuri wote huo.

Kimo chake ni kati ya sentimita 138 na 148, na hapo juu pana mpaka mkali, kwa sababu katika mashindano ya kimataifa ya poni, mnyama asiyevishwa viatu vya chuma akizidi 148 huhesabiwa farasi. Hapimwi kichwani. Husimamishwa kwenye sakafu iliyo sawa, kisha fimbo ya kupimia huteremshwa mpaka iguse kilele cha mabega, mbele kidogo ya mahali tandiko linapokaa.

Si kila poni wa Ujerumani alipangwa hivyo, maana wale wa mji wa Dülmen, waliotajwa katika maandishi tangu mwaka 1316, huishi nusu mwitu huko Merfelder Bruch, hifadhi iliyo karibu na mji huo, wengi wakiwa na mstari mweusi mgongoni kama wa punda wetu.

Mkimtuma tena mpiga picha, amwombe aliyeshika hatamu amfunue mnyama midomo ili umri wake ujulikane kwa meno: awe farasi au poni, akifika miaka mitano huwa ameshabadilisha meno yote ya utoto.

Msomaji wenu,
Usa River, Arusha