Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mweka hazina amekwisha kuwasomea hesabu. Hapo sina la kuongeza ila shukrani kwa waliolipa ada mapema, na kumbusho kwa wale ambao tangu Ramadhani wanasema "wiki ijayo inshallah". Mimi nitazungumzia kazi yenyewe, kisha nitaleta pendekezo ambalo najua halitapita kimya kimya.

Nianze na maonyesho yetu ya vyombo vya kale. Waliokuwa kwenye kamati wanakumbuka tulivyovutana. Wengi walitaka kaure ya Kichina, yale mabakuli na sahani zinazong'aa, ikae mlangoni kwa kuwa ndiyo inayovuta macho. Mimi na wenzangu wawili watatu tukashikilia kuwa chungu cha kupikia kitangulie. Ukifukua mji wowote wa kale wa pwani hii, uwe Shanga, Manda, Gede au Kilwa, vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vingi mno vinavyotoka ardhini ni vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku. Vya China, Uajemi na Bara Hindi ni sehemu ndogo tu. Vile vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni, vya karne ya 7 hadi ya 10, vimeokotwa kuanzia visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji. Wafinyanzi wa mwambao mzima walikuwa na mtindo mmoja zamani hizo, na kwenye makabati ya makumbusho mgeni huvipita vigae hivyo akikimbilia bakuli la buluu na nyeupe.

Tulishinda kwa kura chache. Mlangoni tukapanga vyungu, mitungi, mikungu ya kufunikia na vyetezo, baadhi bado vina masizi. Kaure ikaenda ndani, kwenye ukuta wa mbao tuliochongesha vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, mfano wa vile vya nyumba za mawe za Lamu. Waliopinga nao walikubali baadaye kwamba ilipendeza zaidi pale, kwani vyombo hivyo vililetwa nchini vikae hivyo, juu, mbele ya macho ya wageni.

Kilichozungukwa na watu kuliko vyote, hata hivyo, hakikutoka China. Mwanachama mmoja alileta sahani ya bibi yake, zile za Maastricht, Uholanzi, zilizouzwa sana Lamu na Unguja enzi za mabibi zetu. Ilipasuka katikati, na fundi fulani wa zamani akaitoboa vitundu kwa keekee pande zote mbili za ufa, akaishona kwa pini za chuma. Kwa mbele huoni kitu ila mstari mwembamba unaopita kwenye maua. Ukiigeuza, pini zimejipanga kama mshono wa jeraha na kutu imeupaka udongo rangi ya chai. Watoto wa shule waliuliza maswali juu ya sahani hiyo hadi walimu wao wakachoka. Mmoja alitaka kujua kwa nini hawakununua nyingine. Jibu alipewa na mwenye sahani, nalo lilikuwa refu.

Upande wa vioo tulikuwa wanyonge. Mirashi miwili ya kunyunyizia marashi, chupa chache, na shanga ndogo za kioo, nyekundu na kijani, za aina iliyoletwa na vyombo vya baharini kutoka Bara Hindi kwa karne nyingi. Taa zetu hazikutosha, na mtu mwenye macho kama yangu alizipita asijue kuna kitu. Mwakani tusiziweke tena bila taa zake.

Ziara zilikuwa mbili. Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, tulikaa sana mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Gede ilikuwa ziara yetu ya kwanza tangu mji huo uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Huko nyumba moja inaitwa Nyumba ya Bakuli la Kaure, kwa kile kilichofukuliwa ndani yake. Basi lilichelewa kutuchukua, na hilo limekwisha.

Siku ya ufinyanzi alitujia mama mmoja kutoka Kilifi, asiyetumia gurudumu wala kipimo. Alianza na mdomo wa chungu, akauacha ukauke kidogo kivulini, kisha akaupindua na kuziba kitako akizunguka yeye mwenyewe badala ya kukizungusha chungu. Kifuu cha kukwangulia, kokoto ya kulainishia, basi. Kuchoma alichoma kwa kuni, makumbi na makuti, uwanjani. Vyungu vya wanachama vilipasuka karibu vyote. Vyake vilitoka vizima, na akavigonga kwa kidole tusikie.

Sasa pendekezo. Wengi wetu tuna vigae nyumbani, tulivyookota ufukweni au shambani, vingine tangu utotoni. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, vitu vya kale vilivyomo ardhini nchini Kenya ni mali ya serikali. Na kigae kilichoondolewa mahali pake bila kuandikwa kilipotoka hakimsaidii tena mchimbuaji. Tumeona makaburi ya kale yenye nguzo, yaliyobaki na mashimo ya duara pale palipopachikwa mabakuli ya kaure yakabanduliwa. Nasi tusilaumu bila kujitazama; tuanze na droo zetu.

Naomba mkutano uamue kwamba kila mwanachama avipeleke makumbusho vigae vyake kabla ya Juni, pamoja na karatasi inayosema vilipookotwa, hata kama anakumbuka kijiji tu. Kamati itampeleka asiye na usafiri. Fomu anazo katibu, pale mlangoni, na kura itapigwa baada ya chai.